Rejesha Kwanza, Sasisha Baadaye: Uchambuzi wa Matengenezo ya Mwaka ya Seva ya Nyumbani

Seva ya nyumbani ikishatulia, wenye nyumba husahau kuwa ipo. Picha za simu zinajipakia usiku, hati za kiwanja na vyeti vya watoto vinapatikana mtu akivihitaji, kalenda ya familia inaonekana kwenye simu zote. Utulivu huo una gharama yake: diski inazeeka, programu zinapitwa na wakati, na hakuna anayeangalia. Ndiyo maana seva inahitaji siku yake kila mwaka.

Safu hii inachambua namna kazi hiyo ilivyofanyika kwenye seva moja ya familia, Dar es Salaam. Ni kompyuta ya mezani ya mtumba yenye diski mbili, inayotumia mfumo endeshi wa Debian. Juu yake ipo Nextcloud inayotunza mafaili, na nyuma ya Nextcloud ipo hifadhidata ya PostgreSQL. Kazi kubwa safari hii ilikuwa kuihamisha seva hiyo kutoka Debian 12 kwenda Debian 13, toleo lililotoka tarehe 9 Agosti 2025.

Ninachotaka kukitetea hapa ni mpangilio wa kazi. Mafundi wengi huanza na blowa, wakasasisha programu, wakamalizia kwa kuchukua nakala rudufu. Sisi tulianza kwa kurejesha nakala zilizokuwapo kwenye kompyuta nyingine, ndipo tukagusa seva. Tulipomaliza kusasisha, tukarejesha tena. Usalama wa kazi nzima ulitegemea mazoezi hayo mawili.

Funzo la GitLab

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Alipoisimamisha amri, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki takriban GB 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga, na zote zilishindwa kutegemewa siku hiyo. Kilichowaokoa ni taswira ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali. Yaliyoingizwa kwenye hifadhidata ndani ya saa hizo yalipotea.

GitLab walieleza hadharani kilichotokea, na sehemu ya maelezo yao inamhusu kila mwenye seva. Hifadhidata yao ilikuwa PostgreSQL 9.6, lakini kazi ya kila siku ya kuchukua nakala ilikuwa ikiita pg_dump ya toleo la 9.2. Programu hiyo ikikuta hifadhidata ni mpya kuliko yenyewe, hukataa kufanya kazi. Ilikuwa ikikataa, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikizuiwa njiani kwa sababu hazikutimiza masharti ya DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji. Ghala la nakala lilikuwa tupu, na hakuna aliyelifungua kutazama.

Tuangalie chanzo. Nakala zile hazikuharibiwa na mwizi wala kirusi. Hifadhidata ilisonga mbele, chombo cha kuchukua nakala kikabaki nyuma. Kwa hiyo siku ya kusasisha, ambayo tunaiona kuwa siku ya kuimarisha mfumo, ndiyo siku ambayo nakala zinaweza kukatika kimyakimya. Jaribio la kabla ya kazi linakuambia kama una pa kurudi mambo yakiharibika. La baada ya kazi linakuambia kama kesho bado utakuwa napo.

Zoezi la kurejesha

Tulitumia laptopu isiyo na uhusiano wowote na seva, ili nakala isitegemee kitu kilichobaki kwenye mashine ileile inayodhaniwa imekufa. Nakala zimefungwa kwa nywila, na nywila hiyo tuliisoma kwenye karatasi inayotunzwa pamoja na nyaraka za familia. Nywila ikiwa ndani ya seva pekee, nakala hazifunguki siku seva inapoungua.

Nextcloud hurudi kwa vitu vitatu: folda ya data, faili la config.php na hifadhidata. Ikikosekana hifadhidata, mafaili yapo ila mfumo haujui nani alimshirikisha nani, na kalenda haipo kabisa. Ikikosekana config.php, zinapotea siri ambazo mfumo umejengwa juu yake. Na vitatu hivyo lazima vitoke wakati mmoja, ndiyo sababu seva huwekwa kwanza kwenye hali ya matengenezo, watu wasiendelee kupakia huku nakala ikichukuliwa.

Baada ya kurejesha, tulilinganisha alama za SHA-256, zinazobadilika faili likibadilika hata kidogo, za mafaili ya pande zote mbili, tukafungua picha na hati za miaka tofauti, kisha tukaandika muda uliotumika. Muda huo familia inapaswa kuujua, kwa sababu ndio itakaokaa bila huduma siku ya tatizo.

Kanuni inayojulikana ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumba. Kwetu hiyo ya mbali ni diski iliyoko kwa ndugu mkoani, si huduma ya mtandaoni. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika Tanzania na nchi jirani. Mwenye nakala yake pekee ng'ambo angelazimika kusubiri. Diski huja na basi, na haimalizi bando.

Kupanda ngazi kwa mpangilio

Debian haikubali kuruka toleo. Aliye na 11 hupitia 12 kwanza. Nextcloud nayo hupanda toleo kuu moja kwa wakati. Ugumu ni pale ngazi hizi mbili zinapokutana, kwenye PHP, lugha inayoiendesha Nextcloud: Debian 12 ina PHP 8.2, Debian 13 ina PHP 8.4, na Nextcloud 30 haikuandaliwa kwa 8.4. Nextcloud 31 inazikubali zote mbili. Hivyo tulipandisha Nextcloud hadi 31 tukiwa bado kwenye Debian 12, tukahakikisha kila kitu kinakwenda, ndipo tukahamisha mfumo endeshi. Anayegeuza mpangilio huu hukuta tovuti haifunguki na hajui wa kulaumiwa ni nani kati ya hao wawili.

Kabla ya kuhama tulipima nafasi. Sehemu ya /boot inahitaji takriban MB 300 zilizo wazi, na kwenye mashine za zamani mara nyingi imejaa kerneli zisizotumika tena.

Hifadhidata ilitaka hatua yake peke yake. Debian 12 ina PostgreSQL 15, Debian 13 ina 17. Uhamisho ukikamilika, 17 inakuwa imewekwa kando ya 15, lakini data inabaki ndani ya 15 mpaka mwenye mashine aihamishe kwa amri ya pg_upgradecluster. Asiyejua hilo anaendelea kutumia hifadhidata ya zamani ndani ya mfumo mpya, na Debian 13 haiitunzi tena kwa masasisho. Anayeihamisha akasahau skripti yake ya nakala, iliyoandikiwa pg_dump ya 15, anaingia kwenye shimo lilelile la GitLab. Tulisahihisha skripti, tukachukua nakala mpya, tukairejesha kwenye laptopu. Hapo ndipo tulipoifuta hifadhidata ya zamani.

Vyeti, saa na umeme

Vyeti vya usalama vya Let's Encrypt hudumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe, ila tangu Juni 2025 shirika hilo limeacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Seva inapaswa kujikagua na kupiga kelele. Tuliweka ukaguzi wa kila siku unaotuma ujumbe kwenye simu, na ujumbe huohuo unataja ukubwa na tarehe ya nakala ya mwisho. Ujumbe usipofika, hiyo nayo ni taarifa.

Vifaa vilifuata. Kipimo kirefu cha SMART, utaratibu wa diski kujipima yenyewe, kiliendeshwa kwenye kila diski, macho yakiwa kwenye namba ya 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. Zikianza kupanda, diski hubadilishwa bila mjadala. Betri ndogo ya CR2032 nayo ilibadilishwa. Ikiisha, kila umeme ukikatika saa ya kompyuta hurudi nyuma, na saa ikiwa na uongo vyeti vizima huonekana batili.

Betri ya UPS, kifaa kinachoishikilia seva umeme ukikatika, ina adui mwingine, naye ni joto. Kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 za joto zaidi ya 25 hupunguza umri wake kwa takriban nusu, na Dar es Salaam chumba kisicho na kiyoyozi huzidi hapo kirahisi. Njia ya kuipima ni kuchomoa waya ukutani, seva ikiwa imewashwa baada ya nakala kuchukuliwa, na kuona kama inapata muda wa kujizima yenyewe. Blowa ilikuja mwisho, nje ya nyumba, feni zikiwa zimeshikiliwa zisizunguke. Vumbi la pwani huchanganyika na unyevu na chumvi, hivyo halifai kuachwa mwaka hadi mwaka.

Msomaji mwenye seva, au hata laptopu yenye picha za familia, naomba afanye jambo moja wiki hii. Chagua faili moja la zamani unalolithamini, ulirejeshe kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia nakala yako peke yake. Likifunguka, sasisha na usafishe, kisha ulirejeshe tena. Lisipofunguka, usiguse kingine chochote mpaka lifunguke.