Kunta Kinte na Sanadi Iliyokatika

Jina la Kunta Kinte limeingia hadi mimbarini. Khatibu akitaka kuwakumbusha watu kuwa miongoni mwa Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walikuwamo Waislamu, mara nyingi humtaja yeye kwanza: kijana wa Kimandinka wa kijiji cha Juffure, Gambia, aliyekataa kuitwa Toby. Kisa hicho kimetoka katika kitabu cha Alex Haley, Roots, kilichochapishwa mwaka 1976 na kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1977. Haley hakusema ni ngano. Alisema hiyo ni nasaba yake mwenyewe, na kwamba ameihakiki kwa nyaraka. Dai la nasaba lina mizani yake kwa wanazuoni wetu, na kwa mizani hiyo dai hili halisimami.

Tuanze na lililo sawa. Haley alipokuwa mtoto huko Henning, Tennessee, alimsikia bibi yake akisimulia habari za "yule Mwafrika" na maneno machache ya lugha yake. Alipokuwa mtu mzima alikwenda katika hifadhi ya nyaraka za taifa, Washington, na katika sensa ya mwaka 1870 akamkuta Tom Murray, mhunzi, pamoja na familia yake, kama bibi alivyosema. Hapo hatuna ugomvi naye. Riwaya ya nyumbani na daftari la serikali vinashuhudiana.

Shida inaanza anapovuka bahari. Mwaka 1967 alifika Juffure, na mzee Kebba Fofana akamsimulia ukoo wa Kinte mpaka akamfikia Kunta, aliyekwenda kukata mti zama walipokuja askari wa mfalme, asionekane tena. Haley akaona amepata. Lakini mwaka 1977 Mark Ottaway wa gazeti la Sunday Times la London alikwenda Gambia kufuatilia, na mwaka 1981 mwanahistoria Donald Wright akaandika matokeo ya utafiti wake. Ilidhihirika kuwa Fofana hakuwa jali, yaani msimulizi wa nasaba kwa urithi na mafunzo, na kwamba watu walikwisha kujua mgeni anatafuta nini kabla hajafika.

Sasa tazama fiqhi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, nasaba huthibiti hata kwa ushahidi wa kusikia, kwa sababu hakuna awezaye kumwona kwa macho babu wa babu yake. Huu ni wepesi mkubwa. Hata hivyo, Imam Nawawi katika Minhaj ameuwekea sharti: habari isikiwe kwa kundi la watu ambao haihofiwi kuwa wamepatana kusema uongo. Hapa tuna mzee mmoja, tena aliyekwisha kujua jibu linalotakiwa. Wanahadithi humwita mtu wa namna hiyo mwenye kukubali talqini, na Simak bin Harb, pamoja na ukubwa wake, alisemwa kwa jambo hilo. Simtuhumu mzee Fofana uongo. Talqini haihitaji uongo. Inatosha mgeni awe ametoka mbali na mwenyeji awe mkarimu.

Nyaraka nazo zikaja kinyume. Haley aliipata meli iitwayo Lord Ligonier, iliyotoka mto Gambia na kutia nanga Annapolis, Maryland, Septemba 1767. Kisha akapata hati ya mwaka 1768 ya akina Waller wa Virginia yenye jina la mtumwa Toby. Akaziunganisha. Mwaka 1981 Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walionyesha kuwa Toby wa akina Waller yumo katika orodha ya kodi ya mwaka 1762, miaka mitano kabla ya meli kufika!

Mwanafunzi wa hadithi atakumbuka hapa kisa cha Khatib al-Baghdadi (aliyefariki mwaka 463 H). Aliletewa hati iliyodaiwa kuwasamehe jizya Mayahudi wa Khaybar. Akaitazama, akasema ni ya kughushi: ina ushahidi wa Muawiya, aliyesilimu baada ya Khaybar, na wa Saad bin Muadh, aliyefariki kabla yake. Tarehe peke yake ilitosha.

Atasema mtu: kuna ubaya gani, si kisa kinafaa kwa daawa? Mtume (S.A.W.) amemuonya vikali anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua. Haley, aliyefariki mwaka 1992, huenda aliamini alichoandika, na nia yake ni kwa Mola wake. Sisi tunajua. Kijana aliyevutwa na Kunta Kinte, siku atakapousoma uchunguzi wa akina Mills, atajiuliza ni mangapi mengine aliyoambiwa msikitini bila kuhakikiwa.

Na cha ajabu, hatumhitaji Kunta. Mwaka 1731 Ayuba bin Suleiman Diallo, mtoto wa mwanachuoni wa Bundu, alitekwa karibu na mto uleule wa Gambia na kushushwa Annapolis ileile. Akamwandikia baba yake barua kwa Kiarabu, na barua hiyo ndiyo iliyomfikisha Uingereza. Akiwa huko aliinakili Qur'ani yote kwa hifdhi, akachorwa picha na William Hoare, na mwaka 1734 akarudi Afrika. Mwaka huohuo Thomas Bluett, aliyemfahamu tangu Maryland na kusafiri naye, alichapa London maelezo ya maisha yake, yakiwa na jina la baba yake, la babu yake na la mji wao.