Sakitu Mbagala: kopo, barafu na chumvi

Watoto wa Makete na Njombe huikuta sakitu asubuhi za Juni na Julai, imetanda juu ya majani. Wa Mbagala, Dar es Salaam, hawaipati mpaka waitengeneze. Vifaa vyote viko mtaani: makopo mawili ya nyanya yaliyobanduliwa karatasi na kugongwa kingo zisikate, barafu iliyopondwa kwa mchi, na chumvi. Nililitazama jaribio hili likifanywa uani na watoto wa darasa la awali, na nadhani linahitaji kuchambuliwa, kwa sababu hewa ya pwani hulibadilisha.

Kopo la kwanza lilitiwa barafu tupu hadi nusu, likatoka jasho mara moja. La pili lilitiwa vikombe vitatu vya barafu na kimoja cha chumvi, likakorogwa. Chumvi huifanya barafu iyeyuke hata chini ya nyuzi sifuri, na kuyeyuka hula joto. Joto hilo hutoka kwenye mchanganyiko wenyewe na kwenye bati. Vipimo vikipatana sawasawa, mchanganyiko unaweza kushuka hadi nyuzi 21 hivi chini ya sifuri. Barafu tupu ikishaanza kuyeyuka hubaki kwenye sifuri, kwa hiyo maji yaliyo nje ya kopo lake hayagandi.

Ugumu wa Dar es Salaam ni wingi wa mvuke. Mwezi Machi mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba zaidi ya gramu 20 za maji. Mvuke ukigeuka maji hulipa bati joto, na maji yakishakuwa mengi huganda yakawa kama kioo, bila weupe wowote. Mwalimu alilijua hilo. Alizima feni, akakoroga mpaka bati likapoa vizuri, kisha akalifuta kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo weupe ulipopanda: vitone vidogo viliganda kabla havijaungana, na mvuke mwingine ukaganda moja kwa moja juu yake. Kule kufuta, ambako maelekezo mengi hayakutaji, kwangu ndiyo hatua iliyolibeba jaribio zima.

Mtoto mmoja akasema maji yamevuja kutoka ndani. Ni dhana yenye mantiki, na mwalimu hakuikata. Alileta barafu ya rozela, akaitia chumvi kwenye kopo jingine. Ndani kukawa na wekundu, nje sakitu nyeupe ileile. Watoto walilizunguka kopo wakitafuta tundu. (Wakatazwa kuonja, na kugusa bati kwa vidole vilivyolowa, maana ngozi hunata.)

Utulivu ule wa mwalimu nauthamini kuliko sakitu yenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanga, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopozwa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo hilo.

Darasa hili lirudie jaribio Julai, hewa ikiwa kavu kidogo, na watoto watabiri kabla ya kukoroga: sakitu itakuwa nene zaidi, au nyembamba?