Ile "ya" iliyomezwa na sumukuvu

Kati ya maneno ya kitaalamu yaliyobuniwa miaka ya karibuni, "sumukuvu" ni mojawapo ya machache yaliyofika hadi kwenye mashine za kusaga. Hapa Mlandizi hulihitaji kulifafanua sana. Lishindanishe na "aflatoksini" uone: moja linateleza mdomoni, jingine linakwama kooni. Na lina uzito wake. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, walikufa 125.

Nalisifu, ila nina ugomvi nalo. Tungeweza kusema "sumu ya kuvu". Hiyo "ya" ndogo inaacha nafasi ya kuuliza: kuvu ipi? Ukiiondoa, vitu viwili vinakuwa kimoja, kana kwamba kila kuvu huzaliwa na sumu yake. Si kweli. Aspergillus flavus, kuvu ya nyuzinyuzi inayoota kwenye mahindi na karanga, hutengeneza sumu kwa kundi la jeni zaidi ya 20. Zipo koo za kuvu hiyohiyo ambazo baadhi ya jeni hizo zimeharibika au zimekatika kabisa. Zinaota vizuri, zinatoa vumbi lao la kijani kama ndugu zao, lakini sumu hazina. (Si kila badiliko ni pole hivyo. Maabara wakiiharibu jeni iitwayo veA, sumu inapotea, na kuvu inashindwa pia kuunda vile vidonge vigumu vya kujihifadhi udongoni.)

Sasa, Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ni koo za namna hiyo, zilizopatikana humuhumu Tanzania. Zinapakwa kwenye mtama uliokaangwa, unamwagwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajachanua, ziwahi nafasi kabla ya zile zenye sumu. Yaani mkulima anaombwa asambaze kuvu shambani kwake! Hebu mweleze hilo ukiwa na neno "sumukuvu" tu mfukoni.

Jina la kibiashara nalo halisaidii. Limeficha kwamba ndani mna kuvu, unadhani ni dawa ya kunyunyizia. Tuna kisu butu. Kwa nini tusiwe na "kuvu butu"? Inaota, haikati. Waandishi wa vipeperushi wajaribu hilo, na ile "ya" wairudishe, angalau kwenye sentensi ya kwanza.