Chokaa ya Laki Tatu

Mtu anayetaka kununua nyumba Kashai, mjini Bukoba, haanzi na paa. Anatoa funguo mfukoni, anagonga ukuta, anatega sikio. Simlaumu. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, majira ya saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliitikisa Kagera. Nyumba nyingi zilizobaki zimesimama zilibaki na nyufa, na nyingi ya nyufa hizo zimeshapakwa rangi.

Nilipopewa kazi ya kuiandaa nyumba ya shangazi iuzwe, nilikuwa na laki tatu na wazo moja la kipumbavu: ninunue rangi ya dukani, ile inayong'aa, nifunike kila kitu. Fundi aliyeletwa na jirani alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaweka kiganja ukutani, chini karibu na sakafu, kisha akanionyesha. Kilikuwa kibichi.

"Ukuta huu unatoka jasho," akasema. "Rangi ya plastiki utaipaka leo, masika ikifika itavimba kama andazi."

Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyumba ya shangazi iko bondeni. Ukuta wa tofali za kuchoma hunyonya maji kutoka chini, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Chokaa huyapa njia. Rangi ya plastiki huyafungia ndani, yakachoka kungoja, yakaibandua. Hesabu yangu yote ya dukani ikafutwa na kiganja kimoja.

Basi tukalowanisha chokaa jioni kwenye pipa, nayo ikalala humo. Asubuhi fundi akaichuja kwa kanga kuukuu, akatia chumvi ya kupikia ili ishike, akapaka kwa brashi ya katani. Nilidhani nimeibiwa. Ikiwa mbichi, chokaa haionekani. Ukuta ulibaki na ukijivu uleule, kana kwamba mtu kaumwagia maji tu. Kufikia saa nane mchana weupe ulikuwa unachipuka wenyewe, kuanzia pembeni. Fundi hakugeuka hata kuutazama. Alikuwa na ufa wake.

Ufa ulishuka kutoka pembe ya dirisha la sebuleni hadi sakafuni. Badala ya kuuziba, aliupanua. Kwa tindo na nyundo alichimba pande zote mbili mpaka ukawa mfereji unaoweza kulaza kidole gumba, akafagia vumbi kwa brashi kavu, akaunywesha maji, maana ukuta mkavu huinyang'anya saruji maji yake kabla haijashika. Ndipo akaushindilia saruji kwa mwiko, akapigilia wavu wa kuku juu yake kwa misumari, akafunika kwa plasta. Siku nzima iliishia kwenye ufa mmoja. Nikamuuliza kama mnunuzi atajua palikuwa na nini. "Atajua," akajibu, "kwa sababu nitamwambia."

Lakini ustadi wake ulionipendeza zaidi haukuwa wa mwiko. Shangazi alikuwa bado anaishi humo, na nyumba ya mtu mzima imejaa: sanduku la bati, vibuyu, mikeka, redio isiyoongea, madebe yanayongoja kazi. Mimi nilikuwa nikishika kitu na kuuliza, "Hiki tutupe?" naye anakaza uso. Fundi alianza stoo, mbali na chumba cha kulala, na kila mara aliuliza, "Ma, hiki kikae wapi?" Akiulizwa hivyo, shangazi mwenyewe alisema, "Aa, hicho mpeni jirani." Kwa siku tatu sebule ilipungua nusu bila mtu kunyang'anywa kijiko. Bawaba ziliacha kulia, kioo kimoja kikabadilishwa, na risiti za kodi ya ardhi zikatolewa chini ya godoro, zikapangwa kwa miaka kwenye bahasha. Hayo hayakugharimu kitu cha maana.

Ukoo haukuleta maneno juu ya kuuza. Nyumba ya kiwanja cha mjini si kibanja, shamba la ukoo. Huko Muleba mambo yalikuwa mengine kwa Holaria Pastory, mwanamke aliyeona uzee unamjia na hana wa kumtunza, akauza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Ilikuwa Agosti 1988, bei shilingi 300,000. Kesho yake tu mtu wa ukoo alikuwa mahakamani. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Laki tatu ya shamba zima! Yangu imeisha kwenye chokaa, saruji na fundi.

Mnunuzi wa kwanza alikuja na dalali wake. Shangazi akamkaribisha akamwani, kahawa ya kutafuna, wakatafuna pamoja, ndipo mnunuzi akatoa funguo. Kabla hajagonga, fundi akamshika mkono, akampeleka kwenye dirisha la sebuleni. "Gonga hapa kwanza, waitu."

Siku ya kuhama, pikapu ikiwa imeshajaa, shangazi aliuliza kama chokaa imebaki. Ilibaki ndoo moja, na fundi akasema ikifunikwa maji haiharibiki. Akataka ipakiwe. Nikamwambia nyumba ya Muleba anakohamia imepakwa rangi mwaka jana.

"Si ya nyumba," akasema. "Ya mzee wako, kule kibanjani. Kaburi lake limeota kuvu."

Aliishika ile ndoo katikati ya miguu njia nzima, isimwagike.