Juu ya neno «mjumbe» katika maelezo ya shinikizo la damu

Maelezo ya afya kuhusu shinikizo la juu la damu huziita molekuli za mawasiliano ya seli «wajumbe». Neno hilo lina kasoro. Mjumbe hubeba maneno ya mwingine, naye aweza kuyapotosha. Oksidi ya nitriki, iliyowapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998, haibebi neno lolote: ni gesi itokayo katika seli za utando wa ndani wa mshipa, ikapenya hadi kwenye msuli wa ukuta wake, msuli ukalegea, nayo ikatoweka kwa sekunde chache. Yenyewe ndiyo ishara. Anjiotensini II hufanya kinyume, huukaza msuli huo.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tusemapo «damu imepanda» (au, kama wasemavyo wengi hapa kwetu, «tansiyo imepanda»), twailaumu damu na kuusahau ukuta wa mshipa. Mgonjwa naye hungoja ahisi kupanda huko. Asipohisi kitu, huacha dawa. Ingawa figo nazo zina sehemu yake, mimi ningechagua «mishipa imekaza».