Kifungu cha 47 kinamuhusu pia mukimbizi wa Ntoto

Wandugu, nimesoma tena kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya 2006. Kinahakikisha haki ya afya bila kubagua mwenyeji na mukimbizi. Vizuri. Lakini hakisemi nani atalipa, njo pale kinalegea. Tangu vita ya 1993 iliyoanzia soko la Ntoto, watu wa kule wanakimbia na kurudi. Mukimbizi anatibiwa bure wakati mradi wa shirika unaendelea. Mradi ukifungwa, anaombwa falanga ya fishi na ya dawa, sawa na mwenyeji aliyemupokea. Mimi naona huo ni msaada wenye tarehe, haki bado. Sheria ya afya tunayo tangu 2018. Sasa tuwaulize wabunge wetu: ndani ya bajeti, mgonjwa wa Ntoto yuko mstari gani?