Kukanyaga Mara Mbili

Asubuhi za Makete zina baridi kali, na betri ya Land Rover ya mjomba wangu ilikuwa imechoka siku nyingi. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kwenye gari lile ilikuwa kupiga hendeli. Unaipitisha kwenye tundu la bampa, unaisukuma mpaka ishike, kisha unaivuta kwenda juu kwa nguvu zako zote. "Dole gumba likae upande mmoja na wenzake, mjomba," aliniambia, akaupanga mkono wangu kwa mkono wake. Injini ikipiga teke, dole lililoizunguka hendeli huvunjika. Mpaka leo nikishika mpini wowote, dole gumba langu hujipanga lenyewe.

Lilikuwa 109, toleo la pili. Namba hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ila kwetu lilikuwa jina kamili, kama jina la mtu wa nyumbani. Bodi lilijaa mibonyeo lakini halikuwa na kutu, maana ni la aloi ya alumini: Land Rover zilianza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kila mbonyeo mjomba aliujua ulikotoka.

Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye gia. Ya kwanza na ya pili hazikuwa na kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno. Gia zote nne za mbele zilikipata kwenye toleo la tatu, mwaka 1971. Kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta mpaka injini ipandishe sauti, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Yote hayo kabla tope halijakula mwendo. Ukikosea, giaboksi inapiga kelele na abiria wa nyuma wananyamaza ghafla. Ukipatia, gia inaingia yenyewe, laini, kana kwamba kuna mtu chini anaipokea. Niliitafuta ile hali masika nzima, na siku niliyoipata mjomba hakusema kitu. Aligeuza uso dirishani, akatabasamu.

Macho yake hayakuwa kwenye dashibodi. Alisikiliza. Kwenye utelezi alikandamiza kitufe cha njano, na magurudumu ya mbele nayo yakaanza kuvuta. Palipozidi alisimama kabisa, akavuta wenzo mwekundu, tukapanda polepole. Mteremko aliushuka kwa gia, breki akaitunza.

Magari ya sasa yanafanya mengi ya haya yenyewe, na siyalaumu. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Ikonda usiku anahitaji gari linalowaka mara moja. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ule ulikuwa usumbufu tu. Ulikuwa ujuzi wa mwili mzima, sikio na unyayo vikielewana, na mjomba aliumiliki kama fundi anavyomiliki randa yake.

Safari yetu ya mwisho niliendesha mimi, maana macho yake yalikuwa yamefifia. Alikaa kushoto, fimbo katikati ya magoti. Tulipokaribia kona ya darajani nikaanza kushusha gia. Nikatupa jicho chini: mguu wake wa kushoto ulikanyaga sakafu mara mbili, pamoja na wangu.